Inasemekana Nimelipa

Juzi Jumapili, mbele ya wanachama wote wa kikundi chetu cha akiba hapa Minova, deni nililokwisha kulipa liligeuzwa kuwa uvumi. Katibu alisimama, akakohoa kidogo, akasoma PV, yaani kumbukumbu, ya mkutano uliotangulia: "La somme que Monsieur aurait remboursée…" Halafu akaendelea na habari za turubai la mikutano, bila hata kunitazama. Mimi masikio yalikuwa yanawaka moto. Aurait! Dola 20 zangu, noti zilizoinuliwa juani na kukaguliwa isije ikawa moja imechanika kona, zikatiwa katika sanduku lenye kufuli tatu mbele ya watu watatu wenye funguo tatu, sasa zilikuwa dola za kusemekana.

Baba mkwe wangu naye ni mwanachama. Hukaa safu ya mbele. Aligeuka polepole, akanipima kuanzia viatu, kisha akamrudia katibu.

"Katibu, huyu mukwe wangu amelipa ao hakulipa?"

"Inasemekana amelipa, Papa."

"Nani anasema?"

"Ni Kifaransa njo kinasema vile."

Akina mama wauza sambaza, ambao hulipa mikopo yao kabla ya siku, walicheka hadi mmoja akaangusha kitabu chake cha akiba. Niliomba neno. Nikadai iandikwe "a remboursée", nimelipa, kwisha. Katibu, ambaye kazi yake ni ualimu, aliweka kalamu chini kwa subira ya mtu aliyezoea darasa lililofurika. Akaeleza kwamba siku ile mwenye daftari la hesabu hakuwapo, alikuwa amepanda boti kwenda Goma, kwa hiyo sahihi yake haipo. Habari isiyo na sahihi haijathibitishwa. Na habari isiyothibitishwa, katika Kifaransa, inavaa conditionnel passé. "Hata radio zinafanya vile," alisema, na watu wakatikisa vichwa kukubali, maana kile kinachofanywa na radio hakina rufaa.

Nilirudi nyumbani nikachimbua kitabu cha sarufi cha watoto, nikitafuta silaha. Badala ya silaha nilikuta kitu cha ajabu, na nakiri kwamba kwa muda wa saa nzima nilisahau kukasirika.

Kitenzi hiki kimeungwa kama nguo ambayo fundi ameishona kwa mabaki ya vitenge. Unachukua avoir. Unakata shina lake la wakati ujao, aur-. Unalishonea miisho ya imparfait, yaani wakati uliopita ambao haujafungwa: -ais, -ait, -ions, -iez, -aient. Umepata aurait. Kisha nyuma yake unatundika participe passé, remboursé, tendo lililokwisha kabisa. Shina ni la kesho, mkia ni wa jana, na tendo lenyewe limekwisha kufungwa. Nyakati zote hizo zimo ndani ya maneno mawili, na bado baba mkwe hajui kama nimelipa.

Wanaofuatilia historia ya lugha ile wanakwenda mbali zaidi. Wanasema miisho hiyo ni mabaki ya kitenzi cha Kilatini habere, kuwa na kitu, kilichobandikwa nyuma ya vitenzi vingine mpaka kikachakaa kikawa silabi. Sasa tazama "il aurait eu". Aur- ni habere. -ait ni habere iliyochakaa. Eu ni habere tena. Mtu anamilikishwa mara tatu ndani ya maneno mawili, na sentensi ikiisha mikono yake ni mitupu. Nashuku Waroma walikuwa na vikundi vya akiba.

Kuna vitenzi vichache vinavyomkataa avoir na kushikamana na être: aller, venir, arriver, partir, naître, mourir, tomber na ndugu zao, pamoja na vyote vinavyotanguliwa na se. Hapo kwa kawaida participe hukubaliana na mtendaji: elle serait venue, ils seraient partis. Avoir yeye hakubaliani na mtendaji wake hata siku moja. Lakini kitendwa kikitangulia mbele ya kitenzi, ghafla anakuwa na adabu: la somme qu'il aurait remboursée, kwa sababu somme ni jinsia ya kike na imetajwa kwanza. Desturi hii ilipigiwa debe katika karne ya 16 na mshairi Clément Marot, aliyewatolea mfano Waitalia. Hapo ndipo uchungu uliponirudia. Nilipoomba kuiona PV kwa macho yangu, ile e ya pili ilikuwepo, imeandikwa kwa mwandiko safi, haina shaka. Katibu hakuwa na hakika kama nimelipa, lakini jinsia ya pesa zangu aliijua vizuri.

Shuleni hatukufundishwa kumwogopa aurait wa uvumi. Tulifundishwa kumwogopa aurais wa majuto. Si j'avais su, je ne serais pas venu: ningejua, nisingekuja. Kiswahili ni mkarimu. -Nge- inakaa pande zote mbili za sentensi, upande wa sharti na upande wa matokeo, na kila upande unatosheka. Kifaransa kinataka upande wa si, yaani kama, uvae plus-que-parfait, si j'avais, na upande wa pili pekee ndio upewe conditionnel. Mtoto aliyelelewa na -nge- anabeba ukarimu wa nyumbani kwao hadi darasani, anaandika "si j'aurais su", na kalamu nyekundu inashuka. Walimu wetu walikuwa na msemo wao, les si n'aiment pas les rais, yaani si haipatani na -rais, nasi tuliuimba bila kuuelewa, hata tulipokuwa tunachota maji.

Kumbe huko Ufaransa kwenyewe kosa hilihili limepewa kiti cha heshima. Katika filamu ya La Guerre des boutons, iliyotengenezwa na Yves Robert mwaka 1962, kuna kitoto kinachoitwa Petit Gibus ambacho katika sentensi moja kinakosea mara mbili: kinaweka conditionnel baada ya si, halafu kinampa venir msaidizi ambaye si wake. Wafaransa walikipenda, na sentensi ile wanairudia mpaka leo kwa kucheka. Mtoto wa hapa kwetu Kalehe akisema yaleyale, hapewi filamu. Anapewa sifuri.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema Kifaransa ndiyo lugha rasmi, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa. Sikuwahi kuona mgawanyo wa kazi uliopo hapo hadi Jumapili ile. Majuto yetu tunayafanya katika lugha ya taifa. Tuhuma zinatujia katika lugha rasmi.

Maana katibu alisema kweli kuhusu radio. Januari 2025, vita vilipofika kwetu, tulikuwa tumelala sakafuni, kichwa chini ya kitanda na kiredio sikioni, tukisikiliza kwamba la cité de Minova serait tombée. Mji wetu, inasemekana, umeanguka. E ya kike ilikuwepo, naamini. Milio ilikuwa inatikisa mabati yetu wenyewe, lakini habari ilikuwa bado haijathibitishwa.

Simlaumu mwanahabari. Asiyeona kwa macho yake aseme aurait, ni uungwana. Hata mshtakiwa ana haki ya aurait mpaka hukumu itoke. Kinachoniuma ni namna kitenzi hiki kinavyogawiwa. Oktoba 2012 wakuu wa nchi zinazozungumza Kifaransa walikutana Kinshasa kuisherehekea lugha hii. Novemba, Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, wanajeshi wa serikali walirudi nyuma hadi hapa Minova, wakapora, wakabaka. Wanawake walisema walichofanyiwa kwa wakati uliopita wa kawaida, ule usio na mkia: walikuja, walivunja mlango, walifanya. Kwenye karatasi, maneno yao yalipaswa kuvaa auraient na kungoja. Mei 2014 mahakama ya kijeshi ikatoa hukumu yake Goma. Washtakiwa walikuwa 39. Waliopatikana na hatia ya ubakaji ni wawili. Sentensi za wanawake waliobaki bado zinaning'inia kwenye -aient, na hakuna katibu wa kuzisahihisha.

Lakini sijawahi kufika kwenye kizuizi cha barabarani nikaambiwa "vous auriez dû payer", ulipaswa kuwa umelipa. Naambiwa "payez", lipa. Sijaona risiti ya kodi yenye conditionnel. Anayedai ana wakati uliopo, na hata amri anayo. Aliyelipa, aliyepigwa, aliyeibiwa, huyo ndiye anayekabidhiwa yale maneno mawili ya mabaki aende akajipange nayo.

Tangu Jumapili nayaona kila mahali. Mwenye nyumba ameleta barua kwamba mpangaji "aurait promis", inasemekana aliahidi, kuziba paa. Nilijibu kwa Kifaransa kwamba ningelikuwa nimeliziba kama angelileta mabati, naye akajibu kwamba katika si yangu kulikuwa na rais.

Kwenye zahanati, muuguzi aliandika kwenye fishi yangu "le malade aurait vomi", inasemekana mgonjwa ametapika, huku viatu vyake vikiwa bado vimelowa.

Na mtoto wa dada yangu, anayesoma sekondari, alikuta swali la kwanza la mtihani likimtaka amalizie: "Si j'avais payé le minerval…", ningekuwa nimelipa karo. Akaandika, bila kosa hata moja, "je serais resté jusqu'à la fin de l'examen", ningebaki hadi mwisho wa mtihani. Wakati huohuo mkuu wa masomo akaingia na orodha ya wadaiwa, akamtoa nje. Mwalimu alimpa pointi zote za swali lile. Mengine hakuyafikia.