Asilimia Mia na Kumi na Saba

Vita vya nyumba yetu ya Kangemi vilizuka pale Baba Brian alipoamua kwamba farasi ni hesabu. Yeye ni karani wa stoo huko Westlands, na kitu kisichopangika kwenye safu kwake hakipo. Mwenzake wa kazini alimpeleka Jumapili moja kwenye uwanja wa mbio wa Ngong Road, akarudi jioni akidai daftari. Lililokuwa karibu lilikuwa la hisabati, la Brian wa gredi ya saba. Akalifungua kwa nyuma, akaanza kupiga mistari.

Basi tukafunzwa, tupende tusipende. Kwamba ile Racecourse Road tunayopita tukienda kununua vikapu Kariokor iliitwa hivyo kwa sababu uwanja ulikuwa upande huo, kabla ya kuhamia Ngong Road mwaka 1954. Kwamba Derby ya Kenya ni ya farasi wa miaka mitatu, mita 2,400. Kwamba katika mbio nyingine farasi mwenye rekodi nzuri hubebeshwa kilo zaidi ili wanyonge nao wapate nafasi. Hapo nikamuuliza: kama mpanga uzani keshapiga hesabu na kuwasawazisha, wewe unapiga hesabu ya nini? Akasema sielewi jedwali.

Jedwali nililielewa vizuri mno. Usiku mmoja nilimwona akimwongezea mpanda farasi fulani alama, kutoka tatu hadi tano, kwa kuwa farasi aliyempenda ameangukia nafasi ya pili. Alibadilisha, akajumlisha, farasi wake akawa wa kwanza, akalala usingizi wa mtu aliyefanya utafiti.

Wakati huo mama mkwe alikuwa kwetu, ametoka Khayega kuja kutibiwa goti. Marehemu mzee wake alifuga mafahali wa kupigana, wale wanaotolewa alfajiri kwa ngoma za isukuti na watu wakiwafuata mbio. Aliposikia mwanawe anakwenda kutazama wanyama, alifunga leso na kusema anakwenda pia. Goti likasahauliwa. Tukapanda matatu hadi Kawangware, kisha Dagoretti Corner, kisha Ngong Road, Mama akiuliza njia nzima kama hao farasi wanakula mahindi.

Pale wanapozungushwa kabla ya mbio, Baba Brian hakuinua uso kutoka kwenye daftari. Mama alishika ua na kutazama miguu. Huyu anatokwa jasho katikati ya mapaja na bado hajakimbia, ana hofu. Yule anachechemea kidogo akigeuka kushoto. Huyu namba tano, tazama anavyotembea, kichwa chini, hana habari na mtu. Aliyatamka hayo polepole, mmoja baada ya mwingine, na hakurudi nyuma kubadilisha lolote. Watu huita hiyo hisia. Mimi niliona mtu anayepima, kasoro kalamu tu.

Akafungua fundo la leso, akatoa mia mbili, akaweka kwa namba tano, sita kwa moja. Baba Brian aliweka kwa farasi wa jedwali. Nilikuja kujua baadaye kwamba aliweka pesa za gesi zilizokuwa kwenye kopo la Kimbo, kwa maneno yake, ameziazima.

Namba tano akashinda. Wa jedwali alifika wa mwisho. Mia mbili ya Mama ikarudi elfu moja na mia nne, kabla serikali haijanyoosha mkono. Mbio moja haithibitishi kitu, najua. Kilichonishangaza ni kilichofuata: mbio iliyofuatia Mama alitazama farasi wote, akasema hapa sioni mtu, akaketi kula njugu. Jedwali halina uwezo huo. Jedwali lazima limpe mtu namba moja, hata kama wote ni vilema.

Jioni hiyo jumuiya ilikuwa inakuja kusali kwetu na mtungi ulikuwa mtupu. Mama ndiye aliyelipa gesi. Baba Brian aliubeba mtungi hadi orofa ya tatu huku waumini wakimpisha kwenye ngazi, na hakuna aliyeuliza.

Wageni walipoondoka, alimkalisha Brian mezani. Alikuwa amenakili bei za ubao wa mpokea dau: sita kwa nne, mbili kwa moja, nne kwa moja, sita kwa moja, tisa kwa moja. Geuza ziwe asilimia, tuone nilipokosea. Brian akaandika 40, 33.3, 20, 14.3, 10. Jumla 117.6.

“Rudia. Nafasi haiwezi kupita mia.”

Akarudia. Ikatoka ile ile. Mtoto akaanza kulia.

“Muache,” Mama akasema kutoka kwenye kochi, mguu juu ya kigoda. “Hizo kumi na saba ni za mwenye ubao. Ulidhani anasimama juani bure?”

Asubuhi Brian alikusanya daftari pamoja na wenzake. Likarudi kesho yake na vema jekundu kando ya 117.6, na chini yake: mzazi aje shuleni. Baba Brian alivaa shati la kanisani akaenda. Alirudi saa mbili usiku, mikono mitupu.

“Daftari liko wapi?”

“Mwalimu amebaki nalo. Anasema alama za mpanda farasi nimezipandisha mno.” Akavua viatu. “Anauliza kama Jumapili tunakwenda.”

Mama akauliza kama huyo mwalimu, huko kwake, ana gesi.