Namna ya Kununua Diski Utakayoijutia

Umeshanunua kesi ya kioo, feni sita zenye taa za rangi na kadi ya grafiki iliyomaliza mkopo wa SACCOS. Mfukoni zimebaki hela za nauli na chenji kidogo. Hiyo chenji ndiyo ya diski. Hongera, umepanga vizuri: picha za watoto na vyeti vyako haviwaki taa, vya nini kuvigharamia?

Nenda Kariakoo jioni, maduka yakikaribia kufungwa. Ukiulizwa unataka diski gani, jibu, "Yoyote kaka, mradi iwe kubwa." Utaletewa SSD ya nje ya terabaiti 16, nyepesi kama ganda la karanga, kwa bei ya kuku mmoja. Usishtuke. Ndani yake aghalabu mna kadi ya memori imebandikwa kwa gundi, na programu iliyofundwa kuidanganya kompyuta kuhusu ukubwa. Itapokea kila kitu. Ikijaa, itaandika vipya juu ya vya zamani bila kukusumbua kwa taarifa. Wapo wabishi wanaoijaribu kwanza kwa H2testw, ambayo ni ya bure. Waache na wasiwasi wao.

Ukipenda vijiti vya M.2, chagua kwa macho. Cha NVMe cha kizazi cha 4 husoma hadi megabaiti 7,000 hivi kwa sekunde, na cha SATA, ambacho umbo lake linakaribia kuwa lilelile, hakifiki 600. Zipo pia tundu za madabodi zinazokikataa kimoja na kukipokea kingine. Yote yameandikwa kwenye kijitabu cha madabodi, ambacho bila shaka ulikitupa pamoja na boksi. Jirani yako mwenye pesa atanunua kizazi cha 5, kasi maradufu, afungulie orodha ya michango ya harusi. Itafunguka sawasawa na yako.

Diski ya kuzunguka iliyotolewa kwenye mtambo wa kamera za ulinzi, ikafutwa vumbi na kuitwa mpya? Chukua, uiwekee Windows. Usiiangalie kwa CrystalDiskInfo, maana inaweza kukuonyesha saa 40,000 za kazi, yaani zaidi ya miaka minne bila kupumzika.

Siku utakayouziwa diski halali ya terabaiti 1, Windows itasoma gigabaiti 931. Rudi dukani ukagombane! Mtengenezaji huhesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024, na hakuna aliyekuibia. Lakini umevumilia mangapi, hili nalo likupite?

Kuhusu nakala rudufu, tengeneza folda iitwayo "Picha 2" ndani ya diski ileile. Kisha tafuta mapema namba ya fundi wa kurejesha data. Bei yake mara nyingi huzidi ile ya diski nzuri uliyoikataa.