Namna ya Kung'oa Bolti Iliyolika Kichwa, Ukiwa Nakivale

Kwanza hakikisha bolti imelika kweli. Kama bado ina afya, chukua spana ya nusu inchi, yaani milimita 12.7, uivishe kwenye kichwa cha 12 cha Toyota, kisha uvute kwa hasira. Nusu inchi ikiwa imeazimwa, 13 itafaa vilevile. Soketi ya pembe 12 nayo ni msaada mkubwa, maana hukamata kona tu na kuzikwangua. Ya pembe 6 hukamata ubavu, kwa hiyo inakuchelewesha. Mwenye gari akisimama karibu na miguu yako na kuuliza, "Fundi, bado tu?", kona zote sita zitaisha kwa mvuto mmoja.

Tuseme gari ni Hiace ya abiria, limeegeshwa chini ya mti pale Base Camp. Klachi imeungua, Mbarara iko kilomita 60 hivi, na mama mwenye makreti ya nyanya ameshaanza kuangalia jua. Giaboksi lazima ishuke, lakini bolti moja ya silinda ndogo ya klachi imegeuka duara.

Sasa itisha baraza. Huhitaji kutuma mtu, litakuja lenyewe. Makazi haya ya wakimbizi ya Nakivale yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, na tangu hapo wameongezeka Wakongo, Warundi, Wasomali na Waethiopia, kila mmoja na fundi aliyemwacha kwao ambaye angeifungua bolti hii huku amefumba macho. Watabishana kwa Kiswahili, na hukumu itakuwa moja: piga nyundo. Wana haki nusu. Ukigonga kichwa wima, mara chache na kwa ukali, kutu iliyoshika hesi hupasuka. Ukipiga ubavuni, sikio la kasha la alumini litaondoka pamoja na bolti, na kwa namna fulani utakuwa umefaulu.

Halafu mwagia dizeli au mafuta ya taa, uiache hadi kesho. Njia hii haina gharama, hufanya kazi mara nyingi, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuikubali. Bolti ni chuma, kasha ni alumini. Maji ya barabarani yakiingia kati yao, kutu huota ndani ya hesi na kuzishikamanisha. Mafuta yanahitaji muda wa kupenya humo. Mwenye gari atakupa dakika kumi, tano kati yake akiwa kwenye simu.

Ukikosa usiku, tafuta tindo. Iweke pembeni mwa kichwa, gonga kuelekea kushoto. Kushoto kwa anayetazama kichwa, tafadhali. Aliyelala chali chini ya gari huwa na kushoto kwake binafsi.

Unaweza pia kuagiza Mbarara kile chuma chenye hesi za kinyume kinachozamishwa kwenye tundu lililotobolewa katikati ya bolti. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakuruhusu kusafiri na kufanya kazi, basi nenda mwenyewe ukachague. Ni chuma kigumu mno, na ndiyo sababu kikikatikia ndani hakuna keekee ya kawaida itakayokitoboa. Hapo mwambie tajiri ukweli ukiwa umeshatoka chini ya gari.

Mimi ningeenda moja kwa moja kwa fundi wa kuchomelea. Ondoa waya wa betri, futa oili yote iliyotapakaa, halafu achomelee nati mpya juu ya kile kichwa cha duara. Moto unashuka ndani ya bolti na kuivunja kutu. Moto huo ukifika kwenye kasha, alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, tundu linalegea. Subiri wekundu uishe, ivishe spana iliyo saizi yake, cheza kushoto na kulia kidogo kidogo. Itaanza kwa mlio mwembamba, kisha itakuja.

Baraza litapiga makofi na kila mjumbe atadai ushauri ulikuwa wake. Tajiri atasema mlikubaliana bei ya klachi, hakuna aliyetaja bolti. Msikilize kwa adabu, huku ukikumbuka kwamba bolti za giaboksi yenyewe hujazigusa. Ya juu kabisa imejificha nyuma ya stata. Hiyo ni ya 17, na spana ya 17 ameondoka nayo mtu wa bodaboda.