Shangingi Mlimani: Chuma Bei Gani, Heshima Bei Gani?

Wapare tunasemwa nchi nzima kwa mambo mawili, kubana hela na kupenda kesi. Kile kisa cha Mpare aliyeuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku kimezeeka kiasi kwamba ukianza kukisimulia, Mpare mwenyewe anakumalizia. Na sisi wa Ugweno hatusalimiki kwa kujitetea kwamba Kigweno ni ndugu wa Kichaga kuliko Chasu, lugha ya Wapare wengine. Mtani akishasikia unatoka milima ya Upare, umo. Basi na iwe hivyo. Lakini ikifika Desemba utani huu unaingia kigugumizi. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Same na Mwanga inajaa Land Cruiser, na watu wale wale wanaodaiwa kuwa hawatoi shilingi bila kuiaga wanashuka kwenye gari lenye thamani ya nyumba, tena wengine nyumba yenyewe hawajaimaliza kupaua. Muulize mmoja wao kalinunua kiasi gani, atakutajia kwa fahari. Muulize kwa nini kiasi hicho, atakujibu, "Hii ni V8, bwana," kana kwamba ametoa stakabadhi. Ninachosema mimi ni kwamba shangingi lililotumika huuzwa kwa bei mbili zilizotajwa kwa pumzi moja: bei ya chuma na bei ya heshima. Chuma kinapimika mpaka senti. Anayepigwa ni yule anayekwenda yadi bila kujua ni kipi kati ya hivyo viwili alichokwenda kununua.

Hilo jina la V8 lenyewe ni ushahidi. Limetokana na beji ya Land Cruiser ya 200, iliyotoka mwaka 2007, na kweli nyingi kati yake zina silinda nane. Nyingine hazina. Ile yenye namba ya chesisi inayoanza na GRJ200 ina injini ya lita 4.0 yenye silinda sita, na barabarani inaitwa V8 bila aibu. Halafu mwaka 2021 Toyota wakatoa Land Cruiser 300, ambayo haina injini ya V8 kabisa, ni silinda sita za petroli au za dizeli. Je, mitaani imeitwa V6? Thubutu. Inaitwa "V8 mpya", na mwenyewe hasahihishi. Silinda mbili ambazo hazimo zimekwisha kulipiwa, na hakuna mwanasheria wa Kipare aliyejitokeza kuzidai. Kwa hiyo kabla ya neno lolote la bei, fungua boneti, soma kibati: VDJ200 ni dizeli ya lita 4.5, UZJ200 ni petroli ya 4.7, URJ202 ni petroli ya 4.6. Herufi hizo hazina udalali ndani yake.

Sasa chuma. Isingefaa watu wa Ugweno washindwe kukadiria chuma, kwa sababu kabla ya Mjerumani kufika, Washana, ukoo wa wahunzi, walikifua huku juu, na Wachaga walikitegemea kwa majembe na silaha. Kanuni ya kwanza ni hii: gari lililokwisha kutumika nchini haliwezi kustahili bei inayozidi ya gari la aina ile ile na umri ule ule likiagizwa leo, likalipiwa kila kitu hadi likapata namba. TRA wameweka kikokotoo kwenye tovuti yao. Unaingiza aina, mwaka na injini, wao wanakupa thamani wanayoitambua na kodi zake, na risiti uliyoandikiwa na muuzaji wa Japani haiwatishi. Tuseme gari limethaminiwa milioni 40 likiwa bandarini, pamoja na bima na usafiri wa meli. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 10. Injini imezidi cc 2,000, kwa hiyo ushuru wa bidhaa ni asilimia 10 ya milioni 50, yaani milioni 5. Umri umepita miaka 10, hivyo kuna ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, milioni 15. Juu ya jumla hiyo VAT ya asilimia 18, milioni 12 na laki 6. Gari la milioni 40 limekuwa la milioni 82 na laki 6 kabla ya tozo ndogo ndogo, wakala wa forodha, na soda ya mlinzi wa geti. Hiyo, pamoja na gharama hizo ndogo, ndiyo bei ya juu kabisa. Ukiuziwa milioni 95 gari kama hilo lililokwisha kuzungukia mashimo ya nchi hii miaka sita, jua kwamba sehemu kubwa ya milioni 12 na laki 4 za ziada haikwenda kwenye chuma.

Hapo ndipo shabiki wa Land Cruiser atakaposimama na pingamizi lake analolipenda: "Gari hii haishuki bei." Ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayomponza. Tazama tena hesabu ile. Ushuru wa uchakavu ni asilimia 15 kwa gari lililopita miaka 8 na ni asilimia 30 likipita 10. Maana yake, kadiri gari lilivyo kuukuu ndivyo linavyokuwa ghali kuliingiza, na lile ambalo tayari limo ndani linakaa nyuma ya ukuta wa kodi likijisikia bado kijana. Bei haishuki kwa sababu mlango umekazwa, na sifa hiyo si ya bushi wala giaboksi, ambazo hazisomi sheria ya kodi. Zinachakaa kwa ratiba yake. Mnunuzi anayelipa bei isiyoshuka kwa vipuri vinavyoshuka atakuja kuiona tofauti yake gerejini, na kule hakuna mtu anayemwambia "bei maelewano".

Kwa hiyo kutoka kwenye ile bei ya juu tunaanza kukata, na makato yanahitaji macho. Mita ya kilometa usiitegemee. Kijana mwenye kompyuta anairudisha nyuma kwa muda wa chai na vitumbua. Angalia vitu ambavyo hakuna anayekumbuka kuvirudisha. Raba ya pedali ya breki: gari linalodai kilometa 78,000 haliwezi kuwa na raba iliyolika upande wa kulia mpaka chuma kinang'aa. Ngozi ya usukani pale saa tisa na saa tatu. Ukingo wa kiti cha dereva, upande wa mlango, ambapo makalio ya mtu hupita kila anaposhuka. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Ukikuta mstari wa tope kavu, gari lilikwisha kunywa maji, na shati jeupe la dalali halibadilishi hilo. Tairi "mpya" zina tarakimu nne ubavuni: 3514 ni wiki ya 35 ya mwaka 2014, yaani upya wake ni wa kiwi ya viatu. Na uguse boneti kabla hujasalimiana na mtu. Muuzaji mwenye jambo huliwasha gari mapema, kwa sababu injini ya dizeli iliyochoka husema ukweli ikiwa baridi, kwa moshi na kwa kusitasita. Fungua kifuniko cha oili, na ukiona ndani pana kitu kama chai ya maziwa, aga kwa heshima, maana maji na oili vimekwisha kuoana. Nozeli za VDJ ziko nane, na fundi akikwambia ni moja tu inayosumbua, saba zilizobaki ni za umri ule ule na zimenyweshwa mafuta yale yale.

Wengine watasema yote hayo ni ya nini, wakati gari "limetoka Japani moja kwa moja, lilikuwa la mzee mmoja, alikuwa analipeleka sokoni tu". Mzee huyo amefanya kazi kubwa katika uchumi wetu. Ila kwa Land Cruiser 200 ya dizeli kuna tatizo dogo: Toyota hawakuiuza Japani. Soko lao la ndani lilipewa 200 za petroli peke yake. Dizeli zilizoko kwetu ziliingizwa mpya kwa ajili ya serikali, balozi na miradi, au zilitoka nchi nyingine kama Uingereza na Australia. Basi dalali akikupa dizeli ya VDJ200 na mzee wa Kijapani kwa pamoja, mmoja wao ni wa uongo, na gari umeliona kwa macho. Ikiwa ni petroli na kweli imetoka huko, mwombe karatasi ya mnada na ya usafirishaji. Japani gari la binafsi hupita ukaguzi wa lazima likifika miaka 3, kisha kila miaka 2, na kilometa zake huandikwa. Mtu anayesema karatasi zilipotea wakati wa kuhama nyumba, mkate fedha ya maana.

Ipo pia hoja ya magari ya miradi, yale yaliyozeeka yakiwa na namba za DFP, na ya serikali yanayouzwa mnadani. Wanaoyapenda wanasema yalifanyiwa sevisi kwa wakati, na fedha ya sevisi haikuwa ya mtu wa kuionea uchungu. Nakubali kabisa. Ila na dereva naye gari halikuwa lake, na alilipwa posho kwa siku aliyofika, si kwa jinsi shokapu zilivyofika. Gari la namna hiyo lina daftari zuri na mgongo mbovu. Linunue, ila kwa bei ya mgongo.

Nimekwisha kusikia sauti kutoka Shighatini na Kifula: mlimani panataka gari la nguvu. Hapa sitabisha sana, kwa sababu masika yakikolea na udongo ukawa sabuni, mwenye magurudumu manne yanayovuta ndiye anayelala kwake. Lakini siku zilizobaki za mwaka anayetupandisha kutoka Mwanga kupitia Kikweni ni Noah, imebeba watu kuliko viti vyake, ndizi, na mbuzi asiyelipa nauli. Kama nguvu ndiyo inayotafutwa, mkonga, ile Land Cruiser ya kazi yenye dizeli ya lita 4.2, inapanda popote bila kompyuta ya kuishtaki kwa mwenyewe. Shangingi lina upana wa karibu mita 2 na uzito unaopita tani mbili na nusu; kwenye kona za mlima likikutana na jingine, wenye magari hushuka kujadiliana nani arudi nyuma, na kwa mila zetu za kesi hilo si jambo la dakika mbili. Uzito huo ukipanda unadai mafuta, ukiteremka unadai breki. Dizeli ya 200 yenye matangi mawili hubeba lita 138. Tukichukua shilingi 3,000 kwa lita, kujaza ni laki 4 na elfu 14, ndiyo maana magari mengi ya namna hii huonekana Desemba, na Januari hayaonekani.

Inabaki heshima, na mtetezi wake ana hoja nzito kuliko wote: kwenye msiba, kwenye kikao cha ukoo, hata kwenye dirisha la mikopo, mtu husikilizwa kwa gari alilokuja nalo, kwa hiyo heshima nayo ni mali na ina bei. Kweli ina bei, tena bei yake hulipwa kila mwezi. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa pale kuipinga kodi ya mbiru, iliyomtaka kila mtu alipe kulingana na mali aliyokadiriwa kuwa nayo. Mzee wa Kipare alikuwa radhi kulipa kodi. Hakuwa radhi mtu amtazame, atazame na ng'ombe wake, kisha aandike tarakimu. Mjukuu wake leo anakopa benki anunue kitu ambacho kazi yake ni kutazamwa na kukadiriwa. Na makadirio yanakuja. Katibu wa kamati ya harusi halisogelei daftari la michango kabla hajachungulia dirishani kuona umeegesha nini. Wa IST anaandikiwa elfu hamsini na anashukuriwa. Wa V8 anaandikiwa laki tano na anaulizwa kama kuna tatizo nyumbani. Paa la kanisa, jezi za timu, jeneza la shangazi wa upande wa tatu, vyote vinafuata ukubwa wa tairi. Hiyo ndiyo mbiru iliyorudi, na safari hii hakuna wa kukaa naye Same.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Chukua bei ya kuagiza leo pamoja na kodi zote, kata vipuri vyote ambavyo fundi wako, si wa dalali, amevitaja kwa maandishi, kata na karatasi zinazokosekana. Kinachobaki ni bei ya haki ya chuma. Ukitaka kuongeza cha heshima, ongeza, ila kisizidi sehemu moja ya kumi, na ukiandike pembeni kwa jina lake ili mkeo au mumeo akiuliza usijitetee kwa silinda. Lijaribu asubuhi likiwa baridi, kutoka Mwanga hadi Kikweni na kurudi, redio imezimwa, jicho kwenye mshale wa joto wakati wa kupanda na mguu ukisikiliza breki wakati wa kuteremka. Na kadi ya gari iwe na jina la mtu aliyesimama mbele yako, na kitambulisho chake ukione. Kama jina ni la kaka yake aliyeko Oman, usitoe hata ya mafuta ya majaribio.