Mpokonye Fundi Spana Kwanza

Land Rover 109 ikiamka inalia ka-ka-ka asubuhi ya Usevya, gereji inatoa hukumu kabla boneti haijafunguliwa: tapeti! Mpokonye fundi spana, mpe stiki ya oili. Nasema kwa uchungu. Nimeshaona hedi ikishushwa mara mbili kwa kelele ambayo dawa yake ilikuwa lita mbili za oili.

Ujue kwanza una tapeti gani. V8 iliyokuja na Range Rover mwaka 1970 ina za haidroliki: oili inaingia ndani ya tapeti na kuziba uwazi yenyewe. Ikilia sekunde chache ukiwasha kisha ikanyamaza, iache, ilikuwa inajaza. Ikilia hadi injini imepata moto, huenda oili haifiki au uchafu umekwamisha kivalvu cha ndani, na hapo spana haina kazi. Ile 109 ya kubebea mpunga, yenye injini ya petroli ya lita 2.25, ni mnyama mwingine. Tapeti zake zina rola chini, juu ya kamshafti, lakini haidroliki hazina. Uwazi unaupanga mwenyewe, milimita 0.25 kwa valvu zote 8.

Oili ikiwa imetimia, fungua kava, washa, injini izunguke polepole. Inama utazame roka moja moja. Inayopata oili inang'aa, na tone linajikusanya pembeni na kuteremka. Iliyokauka ina weusi wa sufuria iliyoungua. Basi shafti ya roka, ambayo ina tundu katikati, imejaa tope. Ishushe, izibue kwa waya, ioshe kwa dizeli mpaka uone mwanga upande wa pili. Tafadhali, usimimine oili ya gia! Kelele itapungua wiki moja, huku oili nzito ikichelewa kupanda kila asubuhi na chuma kikisagana na chuma.

Sasa rudisha spana. Injini imezimwa, izungushe kwa mkono. Valvu ya 8 ikibonyea hadi mwisho, panga ya 1. Ikibonyea ya 6, panga ya 3. Jumla ni 9 siku zote. Filageji ipite kati ya roka na valvu kwa kukwaruza kidogo. Ila pitisha kidole kwenye uso wa roka: ikiwa umechimbika, filageji inakaa juu ya kishimo kama ubao juu ya mtaro, inakudanganya, na utapanga hadi usiku bila kupona. Roka hiyo ibadilishwe.

Ukimaliza, usielekee Mpanda moja kwa moja. Njiani, ndani ya Hifadhi ya Katavi, mbung'o watakufungisha vioo, na vioo vikifungwa hutasikia kitu. Zunguka kwanza hapa hapa Usevya, vioo chini, redio imezimwa.