Ndege Anapimwa Unene, Mimi Hata Salamu Sipati

Mama, Mjomba na nyote hapo Voi,

Mama, keti kwanza. Leo alfajiri nimemwona mtu mzima, msomi, mwenye mvi zake, akimlaza ndege chali kiganjani na kumpulizia tumbo. Puu! Manyoya yakaachana, akachungulia ngozi, akatangaza, "Mafuta, nne!" Wenzake wakatikisa vichwa kwa heshima. Nami karani nikaandika: 4.

Niko Ottenby, ncha ya kusini ya kisiwa cha Öland, huku Uswidi. Kituo hiki cha ndege kipo tangu 1946, karibu na mnara wa taa wa Långe Jan, mita 41.6 kwenda juu. Majira ya kuchipua, ndege wadogo wanaorudi kutoka kusini hutua hapa kuvuta pumzi. Rafiki wa chuoni alinialika nije kupumzika. Kupumzika kwenyewe ni kuamka saa tisa na nusu usiku, mwezi wa Mei, upepo unakata masikio, nami nimevaa kila nguo niliyo nayo pamoja na ile leso yako, Mama.

Nyavu zao ni za nailoni, nyembamba hata huzioni. Ndege akijigonga, anaangukia mfuko wa wavu na kungoja watu. Nilipomwona wa kwanza nikaruka kumnasua, mimi mtoto wa manati na ulimbo. Nikazuiwa! Kushika ndege kuna kibali, na kibali kina mafunzo yake. Nikakabidhiwa penseli. Mjomba, kwa wale tuliowachoma mtoni, hapa tungekuwa ndani mpaka leo.

Ndege hufungwa pete ya alumini mguuni, yenye namba na jina la makumbusho ya Stockholm. Bawa hupimwa kwa rula. Kisha ndege mwenyewe hutumbukizwa kichwa chini ndani ya kikopo cha plastiki, miguu ikabaki nje, akawekwa juu ya mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Ajabu ni kwamba hutulia tuli. Mafuta yale ya tumboni ndiyo petroli yake ya safari. Mwenye 0 ni hohehahe, haendi popote kabla ya kula.

Na hii ni nchi ambayo kumtajia mtu unene wake ni utovu wa adabu! Huko nyumbani ningeshaambiwa "umenenepa!" kabla sijatua begi. Huku nimekula viazi msimu mzima wa baridi, suruali hazifungi, na hakuna hata mmoja aliyenipongeza. Kule ninakoishi, jirani yangu huchungulia kwanza tundu la mlango, akiona nipo kwenye korido, hatoki.

Kisha akaletwa mmoja wa kahawia, näktergal, anayeimba usiku. Gramu 25.3. Yule mzee akaniambia hawa msimu wa baridi huhamia Afrika, na wengi hupitia Kenya. Je, nimewahi kusikia mahali paitwapo Ngulia? Mimi, mtu wa Voi! Kumbe tangu 1969 wataalamu hutega nyavu kwenye hoteli ile ya Tsavo Magharibi, Novemba na Desemba, usiku usio na mwezi, ukungu ukishuka na taa kuwavuta ndege chini. Ya vilima vyetu nimekuja kuhadithiwa na Mswidi. Nikamtazama yule ndege kwa wivu. Huenda Novemba alipita juu ya bati letu, na mimi bado nadunduliza nauli. Nilitaka kumuuliza vuli ilinyesha vipi, na kama mahindi yalishika. Wakamwachia kabla sijapanga maneno.

Mjomba, ukiokota ndege mwenye pete, usiitupe. Waandikie wale wa makumbusho namba yake. Watakujibu alivishwa lini na wapi. Barua zangu mimi hamjazijibu tangu Krismasi. Nadhani ni kwa sababu sina namba mguuni.

Mtoto wenu,
Karani wa ndege