Nyumba Huonyeshwa Januari
Madalali wa Dar es Salaam wana kipaji kimoja: hawajawahi kuuona Mto Msimbazi. Januari, jua kali, rangi bado inanukia, unaoneshwa chumba na sebule. “Umeme wa kujitegemea, bosi wangu, maji ndani, fensi ipo. Na upepo wa huku, utanikumbuka!” Unatoa kodi ya miezi sita, na mwezi mmoja wa dalali, ujira wa kukuonesha mlango.

Machi masika yanabisha hodi. Rangi inabanduka, na chini yake unachungulia mstari wa tope la zamani, umenyooka kama wa rula, usawa wa soketi. Upepo uliahidiwa, nao upo kweli: unapitia palipoezuka bati. Unampigia baba mwenye nyumba. Anashauri ukinge ndoo, kisha anakumbushia kodi ijayo.

Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, Serikali iliwahamishia waathirika wa bonde la Msimbazi eneo la Mabwepande. Vyumba vya bondeni havikukosa wapangaji.

Wewe unayetafuta, subiri Aprili. Kagua mvua ikinyesha, na dalali atangulie, bila mabuti.